Inchi Tatu

Fundi Ogweno hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza udongo.
"Wa kwenu ni upi? Mweusi wa pamba, ama mwekundu?"
Mwekundu, nikasema, wa Vihiga,
ule ukinyeshewa huteleza kama mrenda,
na ukikauka hushika alama ya kiatu mpaka Krismasi.
Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona picha.
"Basi inchi tatu. Na tairi za meno."

Siku mbili gari langu lilikaa juu ya magogo pale Kibuye,
limevuliwa magurudumu,
ekseli wazi kama mbavu za ng'ombe buchani,
nami nimekalia mkebe wa rangi, nahesabu:
springi mpya, shokomzoba nne,
tairi za inchi thelathini na tatu,
moja bei ya ndama.
Nne pamoja na ya akiba, hilo ni zizi.
Mmbone mke wangu hajui bado.
Anajua. Hafui suruali yangu
kabla ya kuisoma mifuko.

Tairi la kwanza lilipofungwa
likagusa madigadi, likagoma kukata kona.
Ogweno akawasha msumeno wa umeme,
cheche zikamrukia kijana wake aliyeshika taa,
na kipande cha bati ya gari langu
kikaanguka vumbini kama kucha.
"Mguu ukikua," akasema, "usilaumu kiatu."

Nilipotia ufunguo akaegemea dirishani:
"Saa ya mwendo itakudanganya sasa.
Ikikwambia themanini, wewe uko karibu tisini.
Utafika kabla haijajua."

Sikumjibu.
Nilikuwa nimerudi kwenye Aprili ile,
gari nimeliacha darajani, limezama hadi tumboni,
napanda mlima viatu mkononi,
na wanaume wanne wanateremka,
wamemlaza mama juu ya mlango wa jikoni
walioung'oa na bawaba zake.
Blanketi limelowa. Miguu yao inatafuta ardhi.
Naye, kwa sauti ya mtu anayeondoka,
anawasihi wasikanyage maharagwe ya jirani.

Basi Jumamosi nikapanda.
Kiboswa, Majengo, kisha nikaiacha lami.
Mvua ilikuwa imetangulia.
Darajani nikatia gia ya chini,
tairi zikauma, zikatema tope nyuma,
zikauma tena,
na lile jabali lililokuwa likinikwaruza kila mwaka
likapita chini yangu kimya,
nami nikalipigia honi, peke yangu, kama mwehu.

Mama alitoka na fimbo yake.
Akalizunguka gari mara moja.
"Hili ni gari au dari?"
Nikamfungulia mlango.
Akainua mguu. Ukafika nusu.
Akainua wa pili, ule mbaya, ukakataa mapema zaidi.
Tukasimama hapo, mimi na yeye na mlango wazi,
injini ikinguruma kwa fahari isiyo na maana.
Nilipima jabali. Nilipima maji ya kijito.
Sikupima goti.

"Ludenyi," akamwita mjukuu, "lete kinu."

Kikaletwa, kikapinduliwa, kikazama kidogo matopeni.
Akakipanda kama mtu anayepanda kitanda chake,
akaketi, akavuta leso ikafunika magoti.
"Haya. Twende."
"Twende wapi? Leo huumwi."
"Nani alikwambia naumwa?
Ile njia naijua kwa kulala chali.
Niliona majani ya migomba na kidevu cha Amugune.
Leo nataka kuiona nimekaa."

Kinu tukakitia nyuma. Angeshukaje?
Nikateremka polepole, mshale wa mwendo ukilala kwenye sifuri,
mama akiitaja miji ya watu dirisha kwa dirisha,
nani kapaka rangi, nani kauza miti,
na kwenye kila shimo, nyuma yetu,
kinu kikijigonga sakafuni, du, du,
kama kuna mtu anatwanga.